Hakuna Aliyenipa Sumu

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye vidole. Asubuhi moja, mvua za Septemba zikiwa zimeanza, nilishindwa kumfunga vifungo vya shati mwanangu Héritier, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba, havikunjiki, kana kwamba nimeamka na mikono ya mtu mwingine. Mama mkwe wangu alikuwa karibu na mlango akichagua maharagwe. Alinitazama, akaweka ungo chini, akaja akamfunga mtoto. Kisha akachemsha maji, akatia chumvi, akaniambia nitumbukize mikono humo. Maji yale yalinisaidia mpaka karibu na adhuhuri.

Nimeanza na yeye kwa makusudi. Watu wengi wa mtaa wetu walisikia habari za ugonjwa wangu zikianza na yeye, lakini si hivi.

Naitwa Solange. Nilizaliwa upande wa Bukavu, nikaolewa Goma. Mume wangu Janvier ni fundi wa kuchomelea vyuma; anatengeneza milango na madirisha mtaani kwetu Ndosho, mbele ya nyumba yetu. Mimi nilikuwa nauza vitenge sokoni Birere. Mama yake Janvier alikuja kukaa nasi wakati vita vilipowatoa watu wa Kalengera, kwenye njia ya Rutshuru, na watoto wakamwita Nyogokuru, ndivyo wanavyosema bibi kwa Kinyarwanda. Mimi nilimwita Mama tu. Alipika, alimbeba Héritier mgongoni nikiwa sokoni, alilala chumba kimoja na Divine, binti yetu mkubwa. Hatukuwahi kugombana kwa jambo linalostahili kukumbukwa. Naliandika hili kwa sababu baadaye watu walitafuta ugomvi wetu wa zamani, na walipoukosa wakasema hiyo ndiyo dalili yenyewe: anayekuchukia kwelikweli hagombani nawe.

Kwanza walinitibu malaria. Kisha tifoidi. Kisha malaria tena, kisha amiba. Kila dawa ilinipa siku chache za matumaini, halafu asubuhi moja ningeamka na magoti yamekataa. Krismasi ilipokaribia, mashavu yangu yalikuwa yametoka alama nyekundu-nyeusi iliyopita juu ya pua kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nikikaa juani kwenye meza yangu Birere iliwaka kama mtu amenipaka pilipili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Ndani ya mdomo kulikuwa na vidonda. Wateja walianza kuchagua kitenge wakiwa wamesimama mbali, na jirani yangu wa meza, aliyenipenda, alinishauri nibaki nyumbani kwanza.

Nilibaki nyumbani. Mama alinipikia uji wa mtama, akaupoza ili usiume vidonda, akaninyweshea kijiko kwa kijiko.

Huku kwetu kuna sumu inayoitwa karuho. Watu husema huwekwa kwenye chakula au pombe, nayo humla mtu polepole, akikauka, akibadilika sura, huku hospitali wakiona malaria tu. Sijui ni nani aliyelitaja neno hilo kwanza. Lilizunguka mtaa, likavuka ziwa, likamfikia kaka yangu Déo kule Bukavu, akapanda boti akaja.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilikuwa nimelala nyuma ya pazia linalotenga chumba chetu na sebule, na nilisikia kila kitu. Déo hakukaa.

"Shemeji," alimwambia Janvier, "dada yangu anakufa. Kila kitu anakula kinapita mu mikono ya nani?"

Janvier aligeuka akatazama mlango wa jiko.

"Ninauliza. Nani anapika hapa?"

"Mama ndiye anapika."

"Basi, umejibu mwenyewe."

Mama mkwe alikuwa amesimama na Héritier mgongoni. Sauti yake haikupanda. "Déo, mutoto wangu. Chakula Solange anakula ni kile mimi ninakula. Ni kile batoto banakula. Sufuria ni moja."

"Wenye kazi ile wanajua kutenga sahani, Mama." Déo alimwita Mama, kwa heshima, ndiyo maana maneno yake yalitisha zaidi. "Sitaki kelele. Utoke hapa leo. Ukibaki, mimi ninaenda na dada yangu pamoja na watoto."

Niliona kivuli cha Mama kikigeukia pazia.

"Solange," akasema. "Na wewe unawaza vile?"

Ningeweza kujibu. Mdomoni kulikuwa na vidonda, ni kweli, lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimemwita Divine aniletee maji na sauti ilikuwepo. Niligeuka nikatazama ukuta. Na nitasema lile ambalo ni gumu zaidi: nilimwamini Déo. Nilijisikia nafuu. Kwa miezi nilikuwa naugua kitu kisicho na jina wala uso, na sasa kilikuwa na uso. Nilishika uso ule kama mtu anayezama anavyoshika mguu wa mwenzake.

Janvier ndiye aliyefunga mfuko wa nguo za Mama. Mama aliingia nyuma ya pazia, akamfungua Héritier mgongoni akiwa amelala usingizi, akamlaza miguuni pangu, akamvuta soksi iliyokuwa inataka kuvuka. Hakunitazama. Mtaani majirani walikuwa wamesimama milangoni. Mjini alikuwa na jamaa, lakini nani angempokea mwanamke aliyetolewa kwa sababu ile? Alirudi Kalengera, ambako bunduki zilikuwa bado zinasikika.

Baada ya hapo walinipeleka kwa mtu anayetoa karuho. Alinipa maji ya majani machungu nikatapika mpaka tumbo likabaki kama gunia lililokung'utwa. Alionyesha makamasi kwenye beseni: "Muone, ni nyama ile walimulisha." Wote waliona nyama. Mimi pia niliiona.

Sasa Mama alikuwa ameondoka, na chakula changu alikipika Divine, mtoto asiyefika hata kwenye dirisha la jiko. Nami nilizidi kuugua. Miguu ilivimba mpaka kandambili hazikuingia. Mkojo ulitoa povu kama la sabuni. Kama sumu ilikuwa mikononi mwa yule mama, mbona nilizidi baada ya mikono ile kwenda? Swali lilikuwa peupe, kila mtu angeweza kuliokota. Hakuna aliyeliokota. Lilinijia mara nyingi nikiwa peke yangu mchana, watoto wako nje, na kila mara nililisukuma, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na lingine ambalo sikuwa na nguvu za kulibeba.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mfupi mwenye haraka. Janvier alikuwa amenipeleka pale kwa ajili ya serum tu, yale maji ya kutiwa mshipani. Muuguzi alibonyeza mguu wangu kwa kidole gumba, akatazama shimo lililobaki. Akatazama mashavu yangu. Akaomba mkojo, akaushika kwenye mwanga, na bila hata kutuketisha akamwambia Janvier: "Hapa mumepotea. Mupeleke ku hospitali kubwa leo. Haiko kesho, ni leo."

Kuhusu benchi za hospitali ninaweza kuandika mpaka karatasi ziishe. Benchi la kwanza ni la kungoja jina liitwe, la pili la kungoja labo, la tatu la kungoja daktari ambaye ameitwa kwenye upasuaji. Nilijifunza kukaa mbali na dirisha, kwa sababu hata jua la kioo liliniunguza. Mama mmoja anayefagia korido aliliona hilo kabla sijalisema, na tangu hapo kila nilipokuja alikuwa amenitunzia pembe ya ukutani, ameweka ndoo yake hapo ili mtu mwingine asikae. Hakuwahi kuniuliza naumwa nini. Mambo kama hayo ndiyo yaliyonivusha.

Daktari aliitwa Espérance. Alikuwa na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Majibu ya damu na figo yalipotoka aliniita pamoja na Janvier.

"Ugonjwa huu unaitwa lupus. Mwili uko na askari wake, wale wa kupigana na mikrobe. Kwako wamegeuka. Walianza na viungo na ngozi, sasa wamefika ku figo."

"Nani amewageuza?" niliuliza.

"Hakuna mutu."

"Hata kwa chakula?"

Aliweka kalamu chini. "Mama Solange, walikuambia ni karuho?"

Janvier alinitazama, nami nikatazama sakafu.

"Wagonjwa wangu wa lupus, karibu wote wanapitia kule mbele ya kufika hapa," alisema. "Na karibu kila mara kuna mutu alifukuzwa. Kwenu ni nani?"

"Ni mama yangu," Janvier alisema.

Daktari hakutuhukumu. Alituambia tu, taratibu, kwamba hakuna chakula wala mkono wa mtu unaoleta ugonjwa huu, kwamba mara nyingi huamka kwa wanawake wenye umri wangu, na wakati mwingine baada ya uzazi. Kisha akaanza kueleza dawa, na sikusikia kitu. Nilikuwa namtazama Janvier. Alikuwa amekunja mikono yake yenye makovu ya cheche, anaitazama kama vyombo alivyoazimwa.

Nje, karibu na bomba ambapo familia za wagonjwa hufua, alisema neno moja tu: "Mimi ndiye nilifunga mufuko." Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye nilinyamaza, na kwamba yeye alinyamaza kwa ajili yangu, kwa hiyo vyote viwili vilikuwa vyangu. Sikumwambia. Tulisimama tukatazama maji.

Alijaribu kupiga simu siku hiyo hiyo. Mtandao wa kule ulikuwa umekatika. Watu waliofika kutoka Rutshuru walisema mabomu yameanguka kandokando ya barabara, wengine walisema hapana, ni mbele zaidi. Janvier alitaka kwenda. Lakini njia ilikuwa imefungwa, na perfusion yangu ya kwanza, dawa ya kudondoshwa mshipani, ilikuwa imepangwa, na hakukuwa na mwingine wa kunishika nikitembea. Kwa hiyo hata kumtafuta mama yake kulingoja nipone kwanza. Kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kinangoja mimi.

Dawa ya vidonge, cortisone, ilinirudishia vidole ndani ya juma moja. Nililia nilipofunga kitambaa changu cha kichwa mwenyewe. Halafu ilichukua malipo yake: uso ukawa duara, shingo ikapotea, tumbo likajaa mistari. Majirani waliniambia, "Eeh, Mama Divine, umenenepa! Tangu yule mama aende, muone!" Walisema hivyo kwa furaha, na kila mara niliona mfuko ule ukifungwa upya. Mwanzoni nilicheka kidogo na kupita. Kumwambia mtu mmoja kwamba haikuwa sumu kulinichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, na nilipomwambia, alinipapasa bega akasema, "Wanganga ba hospitali banasemaka vile."

Perfusion zilikuja mara moja kwa mwezi. Ya kwanza ilikuta mvua za Machi; nilitapika njia nzima kwenye pikipiki, Janvier akinishika kwa nyuma. Ya pili nilipoteza nywele zilizokuwa zimebaki. Divine alikosa muhula mzima wa shule. Alijua kupika sombe, yale majani ya muhogo, kubadilisha mtoto, kuhesabu vidonge vyangu na kuniuliza kama nimekwenda choo, kwa sauti ya mtu mzima. Siku moja nilimkuta amemfunga Héritier mgongoni, miguu ya mtoto ikikaribia kugusa chini, anamwimbia wimbo wa Kinyarwanda ambao hakuna mtu katika nyumba yetu aliyekuwa anaujua zaidi ya aliyeondoka. Aliponiona aliacha kuimba.

Ilikuwa kwenye perfusion ya tatu, dawa ikidondoka mkononi, ambapo Dokta Espérance alileta kiti akakaa. Yeye na wenzake wa chuo kikuu wanafanya utafiti, alisema, na aliniomba damu kidogo.

"Ya kutafuta nini?"

Alifikiri. "Unakumbuka askari? Ndani ya kila askari kuna amri zinaandikwa: waka, vimbisha, piga. Sasa kuna vipande vidogo sana vya kitu kinaitwa ARN. Vidogo, zamani wasomi walifikiri ni uchafu tu. Kazi yavyo ni kushika ile amri na kuichana mbele haijafanywa. Mutu akikatwa na kisu, askari wanakuja, panavimba, halafu vile vipande vinachana amri moja moja, na moto unazimika. Kwa wagonjwa fulani wa lupus tunaona vile vya kuchana vimepunguka. Amri inaandikwa, na hakuna wa kuichana. Moto hauzimiki."

"Kwangu ni vile?"

"Sijui bado. Ndiyo tunapima. Na nikuambie ukweli: haitakusaidia wewe leo. Labda wale watakuja nyuma yako."

Nilinyosha mkono ambao haukuwa na sindano, haraka mno, mpaka akatabasamu na kuniambia ningoje alete vifaa. Hakujua nilichokuwa nafanya. Nilitaka mtu achukue kitu kutoka kwangu. Chupa tatu ndogo zilijaa, nikauliza kama zinatosha.

Nilirudi nyumbani nikiwa na maneno yake. Sikuwa na elimu ya kuyafuata mbali, na wewe unayesoma usiniulize zaidi. Lakini nilielewa kitu kimoja. Katika sebule yetu pia amri ilitolewa, na aliyekuwa karibu zaidi wa kuichana, aliyeulizwa kwa jina lake, ni mimi.

Mvua zilikwisha, vumbi la Julai likaja, figo zikaanza kutulia. Mtandao wa Kalengera ulirudi. Janvier alimpata jirani wa mama yake, naye akasema: yupo, mzima, lakini simu hataki. Tulipiga tena na tena. Jirani alikuwa akienda mpaka mlangoni, tunasikia hatua zake, tunasikia akiita, kisha anarudi. "Anasema muko salama, inatosha."

Hapa nataka kusema na wewe uliye kwenye benchi sasa hivi, mwenye viungo vinavyokataa asubuhi na uso unaowaka juani. Omba wapime mkojo wako. Vaa kofia, tembea na mwavuli hata kama watakucheka, maana jua ni adui yako. Usikate cortisone kwa ghafla kwa sababu uso umevimba. Mimi nilijaribu, nikalala hospitali. Mpaka wa Rwanda ukifungwa au dawa ikikosekana mjini, mwambie daktari mapema, usingoje kidonge cha mwisho. Utachoka uchovu ambao hakuna mtu atauamini. Na kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye jina lake limeanza kutajwa kwa sauti ya chini unapopita, nenda kapimwe kabla jina lile halijapandishwa sauti. Ugonjwa una dawa za kuutuliza. Mtu akishatoka mlangoni kwa sababu ile, hakuna dawa inayomrudisha alivyokuwa.

Mwezi uliopita, kwenye kiangazi cha pili, Dokta Espérance aliniruhusu kusafiri. Njia ilikuwa wazi. Nilimpigia Déo nikamwomba aje tuende naye. "Tulifanya kwa upendo, Solange," alisema. "Ungekufa, wangeuliza sisi tulikuwa wapi." Nilimwambia hilo ni kweli, na kwamba bado ninamwomba aje. Alisema kazi ni nyingi. Tukaenda sisi wanne.

Tulimkuta Mama shambani, nyuma ya nyumba ya marehemu mume wake. Upande mmoja wa bati ulikuwa umeibiwa wakati wa vita, ameziba kwa turubai. Alikuwa amekonda, ameanza kuinama. Divine alikimbia. Mimi nilikuja nyuma na Héritier, ambaye sasa anatembea, na Mama alipomnyoshea mikono mtoto alijificha nyuma ya kitenge changu.

"Amesahau," Mama alisema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayeona kwamba mvua imekwisha.

Nilipiga magoti kwenye udongo. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa mwaka mzima na yote yakatoka vibaya, yamechanganyika na machozi.

"Simama," alisema. "Magoti yako ni ya mugonjwa. Simama, Solange." Na nilipokuwa nimesimama: "Munganga alisema ni nini?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa: askari waliogeuka, vipande vidogo vya kuchana amri.

"Kwa hiyo iko mu damu yako mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Inaponaka?"

"Haiponi. Inatulia tu."

Alinitazama uso, ule uso wa duara ambao hakuwahi kuuona. "Pole, mutoto wangu," akasema, na ningependa sana angenipiga.

Janvier alimwomba arudi Goma. "Nitakuja kuona batoto," alijibu. "Kulala, hapana." Baadaye jirani yule wa simu alitueleza yaliyobaki. Habari ilikuwa imemtangulia Mama kijijini. Zamani alitengeneza pombe ya ndizi na watu walikuja kununua kutoka mbali. Sasa hakuna anayenunua. Kwenye misiba wanawake wanapopika pamoja, humpa kazi ya kuteka maji.

Jumapili niliomba ruhusa ya katekista kusema neno baada ya ibada. Nilivua kitambaa ili waone nywele zinavyoota upya mabakamabaka. Nikawaambia mimi ndiye yule mkwe, ugonjwa wangu una jina, umepimwa, hakuna mtu aliyenipa kitu, na mama huyu alininywesha uji nilipokuwa siwezi kushika kijiko. Niliwaeleza pia vile vipande vidogo.

Mzee mmoja aliinua mkono. "Mama, tumesikia. Lakini vile vidogo vya kuchana, kama vimepunguka, ni nani alivipunguza?"

"Hakuna mutu, papa."

"Mmm," akasema, akakaa. Wengine waliinamisha vichwa. Wanawake wawili walikuja kumshika Mama mkono nje ya mlango. Wengine walipitia upande wa pili.

Tulirudi nyumbani kwake akapika. Maharagwe, viazi, sombe kidogo aliyoitwanga Divine. Alipakua sahani ya kwanza, nikajua ni yangu kwa sababu hakuitia pilipili. Lakini hakunipa. Aliishika mbele yetu sote, akachota kijiko kutoka katikati, akala, akameza. Akangoja. Kisha akafungua mdomo kidogo, tuone hakuna kilichobaki, akanisogezea sahani.

Janvier alitoka nje.

"Mama," nilisema, "nakuomba, usifanye vile. Si kwangu."

"Kula, isipoe bure," alisema. Alikuwa ameshachukua sahani ya Divine, na kijiko kilikuwa tayari kinaelekea mdomoni mwake. "Sasa ni vile ninapikaka."